Pua ya Twiga na Bonde la Chumvi

Paukwa.

Pakawa.

Mbona mnaitikia kama mko msibani? Haya, tuanze upya. Paukwa moto. Pakawa moshi. Watoto kaeni mbele. Wakubwa wekeni simu chini, maana hadithi hii inawahusu ninyi kuliko hao wadogo.

Hapo zamani za kale, na kale yenyewe si ya mbali sana, palikuwa na bonde lililozungukwa na vilima kila upande. Ukisimama juu ukatazama chini, ungesema ni bakuli. Wanyama waliliita Bakulini. Nyasi zilimea, miti ilimea, mvua ilikuja kwa wakati wake. Upepo tu ndio uliokuwa na maringo. Ulipita juu ya vilima, ukachungulia ndani, ukajiendea.

Katikati ya bonde, mahali pa chini kuliko pote, palikuwa na chemchemi ya maji ya chumvi. Zamani kila mnyama alikuja, akalamba mawe, akaridhika, akaondoka. Halafu Nyani, kwa kuwa wana mikono na mikono haijui kutulia, wakajifunza kuwasha moto. Wakatia maji ya chemchemi kwenye vyungu. Wakachochea kuni. Yakatokota, yakatokota, yakatokota. Maji yakakauka. Chini ya chungu ikabaki chumvi, nyeupe pee.

Tembo akaonja. Akafumba macho. Akaonja tena. Tangu siku hiyo Tembo akawa bosi wa chumvi. Nani alimchagua? Ukiuliza swali hilo Bakulini, unaulizwa na wewe una uzito gani.

Jiko likazaa meko. Meko yakazaa meko mengine. Moshi ukapanda, fuuu, ukafika usawa wa vilima, ukatandaa hapo kama kifuniko cha sufuria.

Wazee wa mwanzo waliuogopa moto, tuwape haki yao. Waliweka sharti: kila asubuhi, kabla Nyani hawajatia kuni, lazima hewa inuswe. Ikiwa mbaya, moto usiwashwe. Sharti zuri. Sasa nani anuse? Wakatazamana. Mmoja akasema anuse Mbwamwitu, ana pua kali. Mwingine akasema Mbwamwitu hana hadhi. Wakabishana mpaka jua likawapiga utosini. Mwisho wakamchagua Twiga, kwa sababu pua yake iko juu kuliko pua zote, na aliye juu, walisema, lazima anajua mambo mengi.

Hapo ndipo walipokosea. Na hakuna kingine cha kuongeza, kosa ni hilo hilo moja.

Basi kila asubuhi Twiga alisimama penye jiwe la chemchemi. Alinyoosha shingo. Shingo ikapita vichaka, ikapita miti, ikatoboa kifuniko cha moshi, kichwa kikatokea kwenye jua. Fff. Fff. Akanusa huko huko juu. Kisha sauti yake ikashuka:

"Hewa njema."

Na bonde zima, wakubwa kwa wadogo, likaitikia:

"Njema."

Nyani wakatia kuni. Tembo akamsukumia Twiga bonge la kwanza la chumvi, ndiyo posho yake ya kunusa. Siku ikaanza.

Sasa tushuke. Tushuke chini ya shingo ya Twiga, chini ya tumbo la Tembo, chini ya magoti ya Nyani, mpaka kwenye kichuguu kikuukuu kilichohamwa na mchwa, hatua chache kutoka kwenye meko. Humo aliishi Mama Nguchiro.

Mama Nguchiro hakuwa mwanaharakati. Alikuwa mjane. Mumewe alikuwa mbeba kuni, na siku moja gogo lilimporomokea. Tembo alileta rambirambi mwenyewe, bonge la chumvi lililofungwa kwenye jani la mgomba, akasema marehemu alikuwa mfanyakazi wa mfano. Mama Nguchiro alilia sana. Na ile chumvi aliila. Ilikuwa tamu, angefanyaje? Watoto wake wakubwa walikwisha kuhamia kwenye vichuguu vyao mbali huko. Alibaki na mmoja tu, Kitindamimba, kijitoto chenye masikio makubwa na maswali makubwa zaidi. Huyo ndiye alikuwa sababu yake ya kuamka.

Hofu haikuja kwa kishindo. Ilikuja kwa kimya.

Kwanza nyenje walinyamaza. Walizoea kulia jioni nzima, krii krii krii, mpaka mtu akawatukana. Jioni moja hawakulia. Mama Nguchiro akafurahi, akasema leo tutalala. Jioni ya pili hawakulia. Akainua kichwa, akatega sikio. Ya tatu akajikuta anatamani hata mmoja alie.

Kisha siafu wakahama. Wakatoka ardhini na mayai yao mdomoni, msururu mweusi, wakapanda kilima bila kumuaga mtu. Siafu, mnawajua. Siafu humfukuza tembo usingizini. Mama Nguchiro akajiuliza, ni kitu gani kinachomfukuza siafu?

Kisha ikaja asubuhi ya jirani yake, Panya Buku. Jua lilikwisha kutoka na Panya Buku hajaonekana mlangoni. Mama Nguchiro akaenda kubisha hodi. Hodi, jirani. Kimya. Hodi humu. Kimya. Akaingiza kichwa. Alimkuta Panya Buku na mkewe na watoto wao wote wamelala kwa mstari, pua ya huyu kwenye mkia wa yule. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na jeraha. Hapakuwa na harufu ya nyoka. Walikuwa wamelala vizuri mno, na uzuri huo ndio uliomsimamisha nywele. Akasikia kichwa chake mwenyewe kinakuwa chepesi, kinazunguka kama pia, akarudi kinyumenyume mpaka nje.

Akaenda kutoa taarifa. Nyani mkuu wa meko alikuwa anajikuna mgongo kwa kijiti. Akasema watakuwa wamekula uyoga. Mama Nguchiro akamuuliza, uyoga kiangazi hiki? Nyani akasema basi presha. Akamwambia atalifikisha suala ngazi za juu, na kwa heshima ya marehemu, siku ile wakatia kuni taratibu kidogo. Mpaka saa ya mchana. Kisha wakarudi kasi ile ile.

Asubuhi iliyofuata Kitindamimba hakuamka kwa kuitwa. Aliamka kwa kutikiswa, tena sana. Midomo yake ilikuwa na rangi isiyo yake.

"Mama," akasema, "kichwa kinaniuma kwa ndani."

Mama Nguchiro akamtoa nje akamlaza juani, akasimama kulinda. Ninyi mnajua nguchiro wanavyolinda: anasimama kwa miguu miwili, wima kama kigingi, anageuza kichwa huku na huku. Akasimama hivyo, akavuta pumzi. Kichwa kikatulia. Akainama kumlamba mtoto. Kichwa kikazunguka. Akasimama. Kikatulia. Akainama. Kikazunguka. Akabaki anainuka na kuinama, anainuka na kuinama, Nyani wakamcheka wakidhani anafanya mazoezi ya kupunguza tumbo.

 Yeye alikwenda penye meko, akachomoa kijiti chenye moto, akarudi nacho mpaka mlangoni pa kichuguu chake. Mwali uliwaka vizuri. Akaushusha polepole. Ukafika usawa wa kifua chake. Ukayumba. Ukawa wa bluu. Puf.

Ukazimika.

Akaenda kuwasha tena. Akaushusha tena. Pale pale. Puf.

Hapakuwa na upepo. Kijiti kilikuwa kikavu. Moshi, ule unaoonekana, ulikuwa juu huko unajitandaza. Lakini kulikuwa na kitu kingine kilichotoka kwenye meko yale yale, kisicho na rangi wala harufu, kilichoshuka badala ya kupanda. Kilitambaa chini kama maji, kikitafuta mashimo. Kilijaza nyumba ya Panya Buku mpaka dari. Sasa kilikuwa kinajaza yake. Kilikuwa kizito, kilikuwa kipole, na ndani yake hata moto, uliokizaa, ulikosa pumzi ukafa.

Mama Nguchiro akakwaruza alama ukutani, pale mwali ulipozimika. Kesho yake akapima tena. Alama ikawa chini, mwali ulizimika juu yake. Kesho kutwa ukazimika juu zaidi. Kitu kile kilikuwa kinapanda. Hakikuwa na haraka. Kwa nini kiwe na haraka, nacho kinajua watu wa Bakulini?

Akaanza kumlaza Kitindamimba juu ya paa la kichuguu. Mtoto alilalamika jua kali. Mama alimwambia ukishuka nakuchapa. Na kila aliposema hivyo alijisikia vibaya, kwa sababu hakuwa mkali, alikuwa anaogopa, na mtoto hakujua tofauti.

Alitafuta mahali pa kuhamia. Aliwauliza ndugu zake, wakamwambia kwao nako nyenje wamenyamaza. Aliuliza habari za mlimani. Akaambiwa mlimani kuna wenyewe: Tembo ana shamba lake la kupumzikia, Chui ana lake, Nyani wakuu wanajenga. Huko hewa ni fiti, upepo unafika. Wasiochoma kuni hawana nafasi huko, na wanaochoma ndio wamejaa. Watoto, msiniulize inawezekanaje. Waulizeni hao waliokaa nyuma yenu.

Basi akaomba baraza, nalo likaitishwa. Si kwa sababu yake, msimdhanie makubwa. Ni kwa sababu Kware naye alikutwa amelala na mayai yake, na Kware alikuwa na ndugu wenye makelele.

Asubuhi ya baraza hapakuwa na upepo hata wa kutikisa unyasi. Twiga alikwisha kunusa na kutangaza, wote walikwisha kuitikia, meko yalikuwa yanaunguruma. Mama Nguchiro alimwacha Kitindamimba juu ya kichuguu, akamwambia akae pale pale mpaka arudi.

Alipopewa nafasi alionyesha kijiti chake. Alikishusha mbele ya wote mpaka chini, kikazimika. Wadogo wakasogeleana. Kanu, yule mdogo mwenye madoa na mkia wa miraba, akaanza kulia kimyakimya. Lakini Tembo akacheka kwa ukarimu, akasema kuni za siku hizi zina unyevu, kisha akaingia kwenye hotuba. Alisema analichukulia suala hili kwa uzito, na uzito wake wote wanaujua. Alisema kutaundwa kamati ya wadau, na kamati itapewa chumvi ya vikao. Alisema kuni zitapunguzwa, tarehe imeshapangwa, ni enzi za wajukuu wa wajukuu zao. Tena kuna msitu mmoja ng'ambo ya vilima, amekwisha kuongea na wenyewe wasiukate, kwa hiyo ukipiga hesabu vizuri moshi wa Bakulini ni kama haupo.

"Na kwanza," akasema, "kwa nini sisi? Bonde la pili wameanza kuchoma kabla babu yangu hajaota pembe. Wameshiba, sasa wanatuambia tusile. Waache wao kwanza."

Watu wakapiga makofi, na tuseme ukweli, hapo Tembo alikuwa na pointi. Ndiyo ubaya wa Tembo, ana pointi, na anaitumia kukukalia.

Ndipo Mbayuwayu alipoomba dakika. Huyu alikuwa msomi wa Bakulini asiye na kazi. Anazunguka dunia kila mwaka kwa mbawa zake, anaongea lugha za kila bonde, na kila akirudi nyumbani anaambiwa aache barua yake ataitwa. Alitua kwenye tawi kavu, hakusalimia kwa mbwembwe.

"Wazee, excuse me," akasema. "Mnasema ng'ambo, ng'ambo. Mimi natoka huko. Hakuna ng'ambo. Kuna bonde wanachoma matofali. Kuna bonde wanachimba mawe meusi wanayachoma, taa zao zinawaka mpaka mchana wa jua. Kuna bonde wanachoma mafuta kwa kwenda tu na kurudi, kwenda na kurudi, hata hawasemi wanakwenda wapi. Kila bonde lina Tembo wake na kila bonde lina Twiga wake, na kila Twiga anasema njema. Moshi wenu nilikutana nao kwenye nchi ya barafu. Barafu imekuwa nyeusi juu, maji chini. Na moshi wao ndio huo unaowakohoza hapa. Mnapokezana tu."

 Tembo akamtazama kwa jicho moja.

"Kijana, una anwani?"

"Sina."

"Una ajira?"

"Sina, mzee, na wewe unajua kwa nini."

"Basi kaa, tuongee wenye makazi."

Kicheko kikapita bondeni. Hata Kanu, mwenye machozi bado usoni, alicheka kidogo. Mbayuwayu hakukaa.

"Na ule msitu wako mzee, nimepita juu yake juzi. Ni majivu."

Akaruka akaenda zake. Hakuna aliyemwita arudi. Mama Nguchiro peke yake alimfuata kwa macho, akaona anavyopanda, anavyopanda bila kusita, mpaka juu ya kifuniko cha moshi, na akauonea wivu mwili mdogo kama ule wenye mbawa. Kisha akakumbuka kichuguu. Tangu baraza lianze, kitu kile kimepanda kiasi gani?  Akasimama kwa miguu miwili.

"Mzee Twiga, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Mimi sina shingo, sina cheo, sitaki hata kuongea mengi. Nina mtoto. Kila siku unatunusia, na tunashukuru. Lakini unanusa mahali asipolala mtu. Naomba uiname mara moja tu, unuse pale anapolala mwanangu."

Minong'ono. Mmoja akasema mama huyu hana adabu, unamwambiaje mzee ainame. Mwingine akasema si anuse tu, pua haiishi. Twiga akatazama juu, akatazama pembeni, akasema katika ukoo wao kuinama ni kwa kunywa maji tu, tena faraghani. Lakini wadogo walianza kusogea mbele, mmoja mmoja, bila kusema kitu, Sungura na Kanu na Nungunungu na Kobe, wakamzunguka miguuni, vichwa wameviinua juu kadiri wawezavyo. Waliogopa kuliko walivyomheshimu. Twiga akaliona hilo.

Akainama.

Mnajua twiga anavyoinama. Mguu mmoja huku, mguu mmoja kule, krak, kama meza inayokunjwa. Nyani mmoja akapiga mluzi. Shingo ikashuka. Ikashuka kwenye miti, ikashuka kwenye vichaka, kichwa kile kilichozoea jua kikafika usawa wa magoti ya Tembo, kikafika usawa wa masikio ya Sungura, kikagusa nyasi.

Fff.

Fff.

Macho ya Twiga yakatoka. Goti la kulia likacheza. Goti la kushoto likacheza. Ulimi ukaning'inia, na povu jepesi likamtoka. Nyani waliokuwa wanapiga mluzi wakaacha. Twiga alijaribu kuinua kichwa, kikakataa. Akajaribu tena, akajivuta kama anayejitoa kisimani, na shingo ikapanda inayumba, inayumba, mpaka juu. Huko akahema. Hhhha. Hhhha. Bonde zima lilikuwa linamsikia anavyohema.

Wote walikuwa wameona. Kila mtu alikuwa ameona.

Wakangoja neno lake. Mama Nguchiro alisahau hata kupumua. Kama Twiga angesema mbaya, meko yangezimwa, sharti ni sharti, Tembo mwenyewe asingeweza kulivunja mbele ya watu. Neno moja.

 Tembo alinyoosha mkonga taratibu, kama mtu anayejinyoosha tu, akasukuma bonge la chumvi. Likabiringika, grr grr grr, likasimama mbele ya kwato za Twiga. Lilikuwa bonge kubwa kuliko yote aliyowahi kupewa.

Twiga akalitazama. Akawatazama wadogo miguuni pake. Akafumba macho.

"Hewa njema."

Na bonde likaitikia. Waliokuwa wamemwona akiyumba wakaitikia. Kanu akaitikia. Nungunungu akaitikia.

"Njema."

Na katikati ya sauti zile, wasikilizaji wangu, Mama Nguchiro akasikia sauti moja nyembamba anayoifahamu. Akageuka kutafuta ni ya nani. Ilikuwa yake. Mdomo wake ulikuwa umeitikia wenyewe, kwa mazoea, kama ulivyoitikia kila asubuhi tangu azaliwe.

Hakuna kitu kilichomtisha maishani mwake kama hicho. Si nyenje. Si Panya Buku. Hicho.

Akakimbia.

Alikimbia kwa miguu minne, akakumbuka, akajilazimisha kuinua kichwa juu huku anakimbia. Kichuguu kile. Paa lile. Hapakuwa na mtu juu yake. Jua lilikuwa kali na Kitindamimba alikuwa ameshuka kutafuta kivuli. Miguu yake miwili ya nyuma ilionekana mlangoni. Mwili mwingine ulikuwa ndani.

Mama Nguchiro akavuta pumzi moja ndefu, akaibana, akaingia.

Usivute. Giza. Usivute. Akapapasa sikio, akapapasa shingo. Usivute. Meno yakashika ngozi ya kisogo. Akavuta kwa nyuma. Mtoto alikuwa mzito kama aliyelowa. Usivute, mama, usivute. Kifua kilitaka kupasuka, kifua kilimwomba, kilimbembeleza, akasikia kuimba masikioni, usingizi mtamu ukamgusa bega. Akavuta kwa nyuma. Jua likampiga mgongoni. Akapanda juu ya paa na mzigo wake mdomoni ndipo akaachia pumzi.

Kitindamimba hakusogea.

Akamlamba pua. Akamkanyaga kifua kidogo kidogo. Akamlamba. Akamkanyaga. Chini yao meko yalikuwa yanatokota kwa furaha. Akamlamba. Na mtoto akafanya kitu kidogo sana, kho. Kisha tena. Kho. Kho kho.

Hakungoja kikohozi kingine. Alimng'ata kisogoni akaanza kupanda kilima.

Katikati ya njia Nyani mlinzi alimzuia. Akamuuliza ana kibali cha nani, juu kuna wenyewe. Mama Nguchiro hakuweza kujibu, mdomo ulikuwa umejaa mtoto. Alimtazama tu. Nyani yule alikuwa na mke na watoto. Akatazama kichwa cha mtoto kinavyoning'inia, akatazama bondeni, akasogea pembeni, akajifanya anajikuna.

Mama Nguchiro akapanda. Akapita mashamba ya kupumzikia, yenye kivuli na upepo, matupu, wenyewe wako bondeni wanasimamia moto. Hakusimama huko. Alikuwa na wazo moja tu kichwani: avuke. Bonde la pili. Huko atamweka mtoto kwenye nyasi safi, alale hata chini, alale popote. Miguu ikachubuka. Mwamba ukawa mkali. Akatoboa kifuniko cha moshi, macho yakamwasha, akapanda zaidi, mpaka ikabaki kamba nyembamba ya mawe, ndiyo mgongo wa kilima. Akaifikia. Akatazama upande wa pili.

Moshi.

Bonde la pili lilikuwa limefunikwa, kifuniko kizito kuliko cha kwao, cheusi kuliko cha kwao. Na nyuma yake vilima vingine, na kifuniko kingine. Na kingine. Mpaka macho yalipokomea.

Na kwenye ule mteremko wa pili kulikuwa na kitu kinatambaa kuja juu. Kidogo. Kinapanda, kinasimama, kinapanda. Kilipokaribia akakiona: nguchiro, jike, manyoya yana majivu, na mdomoni ana mtoto.

Wakakutana kwenye mawe. Wakawaweka watoto chini, sambamba. Wakahema. Yule mgeni ndiye aliyeanza.

"Dada," akasema, "huko kwenu kukoje?"

 Mama Nguchiro alisogea kidogo, akampa nafasi aone mwenyewe. Mgeni akatazama Bakulini. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akakaa.

Wa kwake hakuwa anakohoa. Mama Nguchiro akamlamba yule mtoto pua, akamkanyaga kifua kidogo kidogo, kama alivyofanya kwa wa kwake. Akamlamba. Akamkanyaga. Mpaka mwenye mtoto akamshika mguu, akamwambia inatosha, dada, inatosha.

Walimfunika kwa mawe madogo hapo hapo. Kitindamimba, ambaye sasa alikuwa amefumbua macho, aliuliza kwa nini yule mwenzake hachezi. Mama yake akamlamba pua. Mtoto alikuwa amebaki na kikohozi, na kikohozi hicho hakikumtoka tena maisha yake yote.

Kisha wale mama wawili wakasimama kwa miguu miwili, wima, mgongo kwa mgongo. Mmoja akaelekea bonde hili, mwingine akaelekea lile. Wakaanza kupiga kelele. Haikuwa ile "njema" ya kila asubuhi. Ilikuwa ile kelele ya nguchiro akiona chui, ile ambayo kila mnyama anaijua hata usingizini. Wakapiga, wakapiga, wakapiga, sauti zikakauka, wakapiga kwa sauti hizo hizo zilizokauka. Kule chini wengine waliinua vichwa. Wengine walianza kupanda. Wengi walisema ni wale wanawake wenye fujo, wakarudi kwenye chumvi yao.

Basi, mafunzo yake sitayazungusha. Moshi wa bonde moja ni moshi wa mabonde yote, na atakayekufa kwanza ni yule anayelala chini, aliyeula utamu kidogo kuliko wote. Ukitaka kujua hewa ikoje, usimuulize mwenye shingo ndefu anayelipwa kunusa. Muulize mama wa mtoto anayekohoa. Na ukiona kitu kibaya kwa macho yako mwenyewe, usiitikie njema, hata kama bonde zima limeitikia.

Hadithi yangu nimeitua hapa, sina pumzi ya kuipeleka mbele. Atakayeulizwa na watoto kesho, awajibu mwenyewe.